Kuchagua ubao mama kwa bajeti ndogo: maswali ninayoulizwa kila siku benchini

Mimi ni fundi wa kompyuta, nafanyia kazi Dar es Salaam. Ubao mama, ule ubao mkuu unaounganisha vipande vyote vya kompyuta, wengine huuita mazabodi, na sisi mafundi tunasema bodi tu, kwa hiyo humu nitatumia neno hilo. Maswali haya naulizwa na wanafunzi, wenye stationery, vijana wa kuhariri video na wazazi wanaotaka kompyuta ya watoto idumu miaka mitatu zaidi. Bei sitaziandika, kwa sababu hubadilika kabla hata sijamaliza kuandika. Nitakupa namna ya kupiga hesabu, nawe ukifika dukani utaijaza mwenyewe.

Kweli nahitaji bodi mpya?

Mara nyingi huhitaji. Mtu analeta mashine inayochukua dakika nne kuwaka, ameshaambiwa na jirani kwamba bodi imechoka. Nikiifungua nakuta bado ina diski ya zamani ya kuzunguka na RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi) ya GB 4. Mashine hiyo ukiipa SSD ya SATA (diski isiyozunguka, ya waya wa kawaida) na kuiongezea RAM ifike GB 8, mwenyewe atadhani umembadilishia kompyuta nzima. Jaribu hilo kwanza, maana SSD hiyohiyo utahama nayo siku ukibadilisha bodi.

Hatua ya pili ni kuangalia kama bodi uliyonayo inapokea prosesa (ubongo wa kompyuta) kubwa kuliko iliyomo. Dell OptiPlex 9020, ambazo zimejaa mjini kama mtumba wa maofisi ya nje, ikija na prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 4 inapokea i7-4770 bila shida. Unafuta pesti ya kupitisha joto ya zamani, unaweka mpya, basi. Kwa mtu wa Word, Excel na intaneti hapo safari imeisha.

Bodi inabadilishwa kwa sababu za kweli tatu: imekufa, imefika mwisho wa prosesa inazoweza kupokea, au inakuzuia kutumia Windows 11. Sababu hiyo ya tatu imewasukuma wengi tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa nini fundi anasema bodi peke yake haitoshi?

Kwa sababu ni kweli. Ukitoka kwenye mashine ya kizazi cha 3 au cha 4 cha Intel, bodi mpya haitapokea prosesa yako ya zamani wala RAM yako ya DDR3 (namba baada ya DDR ni kizazi cha RAM). Kwa hiyo unanunua vitu vitatu: bodi, prosesa na RAM. Pawa saplai (kipande kinachoipa mashine umeme) na kasha navyo vinaweza kukudai, nitavigusa hapo chini.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotezea hela. Mtu anaona bodi ya bei nafuu, anailipia haraka, halafu anagundua inataka prosesa ghali au RAM ya DDR5. Bei ya bodi peke yake haikuambii kitu. Chukua karatasi, andika bodi, prosesa na RAM, jumlisha, halafu linganisha jumla na jumla. Bodi iliyozidi bei kidogo lakini inapokea RAM uliyonayo tayari ndiyo rahisi kuliko zote.

Nitajuaje nina bodi gani sasa?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, halafu Enter. Tafuta mistari inayoanza na neno BaseBoard. Utaona kampuni na jina la bodi. Programu ya bure ya CPU-Z inaonyesha hayo pamoja na aina ya RAM. Kama mashine haiwaki, fungua kasha: jina huandikwa kwenye bodi yenyewe, mara nyingi kati ya sloti za RAM na sloti ndefu ya kadi ya grafiki. Piga picha uende nayo dukani.

Soketi na chipseti ni nini hasa?

Soketi ni kiti cha prosesa. Prosesa ya kiti kimoja haikai kwenye kiti kingine. Chipseti ni chipu iliyo kwenye bodi inayoamua bodi ina milango mingapi ya USB, diski ngapi, na kama prosesa inaweza kusukumwa kupita kasi yake ya kiwandani.

Kampuni za prosesa hizi ni mbili, Intel na AMD. Kwa Intel orodha ya soketi inakwenda hivi. LGA1155 ni kizazi cha 2 na cha 3, bodi kama H61 na B75. LGA1150 ni cha 4, H81 na B85. LGA1151 ni cha 6 hadi cha 9, lakini humo kuna mtego nitakaoueleza. LGA1200 ni cha 10 na 11. LGA1700, iliyotoka mwishoni mwa 2021, ni cha 12, 13 na 14.

Kwa AMD mambo ni mepesi zaidi. Soketi ya AM4 ilibeba prosesa za AMD ziitwazo Ryzen tangu za kwanza za 2017 hadi mfululizo wa 5000. AM5 ilikuja 2022, nayo inapokea RAM ya DDR5 tu.

Mtego wa LGA1151 ni huu: kuna mbili zenye umbo moja. Bodi za H110, B150 na B250 ni za kizazi cha 6 na cha 7. Bodi za H310, B360 na B365 ni za cha 8 na cha 9. Prosesa ya i5-8400 inakaa vizuri kabisa kwenye kiti cha H110, unafunga mkono wa soketi bila kulazimisha, na mashine haiwaki. Nimeletewa kesi hiyo mara nyingi hadi siku hizi nauliza kabla sijashika bisibisi. LGA1200 nayo ina yake: H410 na B460 za kawaida hazipokei prosesa za kizazi cha 11.

Kwa bajeti ndogo, niende AMD au Intel?

Nitasema ninachokiamini baada ya kufunga mashine nyingi. Njia nzuri ni mbili, na zote zinatumia DDR4.

Ya kwanza ni AM4 yenye bodi ya B450 au B550. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuanza na prosesa ndogo ya mtumba leo, kisha mwakani ukaweka Ryzen 5 5600, yenye kori 6 (vitengo vya kufanya kazi) na nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa pamoja), kwenye bodi ileile. Anayejilipia mwenyewe kidogokidogo anahitaji mlango wa namna hiyo. B550 inakupa PCIe 4.0 (njia ya data, namba kubwa ndiyo ya kasi zaidi) kwenye kadi ya grafiki na kwenye M.2 ya kwanza, yaani sloti ya SSD ndogo bapa. B450 inaishia 3.0. A520 ni nafuu zaidi, ina 3.0 tu na hairuhusu kuisukuma prosesa, lakini kwa kompyuta ya ofisi haina kasoro.

Ya pili ni LGA1700 yenye bodi ya H610 ya DDR4 na prosesa ya i3-12100. Usiidharau kwa kuwa inaitwa i3. Ina kori 4 na nyuzi 8 kama i7 za zamani, lakini kila kori ina nguvu kuliko zile kwa mbali. Inaipita i7-7700 waziwazi. Baadaye ukipata hela unaweka i5-12400. Angalia jina la bodi kwa makini, kwa maana H610 zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na boksi hufanana. H610 ina sloti mbili tu za RAM, hivyo usijaze vipande viwili vya GB 4 ukitegemea kuongeza kesho. Weka kimoja cha GB 8 au 16, kingine kije baadaye.

Ninachokikataza ni kununua bodi mpya ya soketi iliyokufa. Bado zinauzwa H61 na H81 mpya kwenye maboksi yanayong'aa, zimetengenezwa juzi kwa prosesa za zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kama una prosesa na RAM zake na bodi yako imeungua, nunua moja urudi kazini. Kama unaanza upya, hela hiyo umeitupa.

Na AM5 je? Wanasema ndiyo ya baadaye.

Ni kweli ndiyo ya baadaye, na ukiwa nayo hela, nunua. Tatizo ni RAM. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda sana dunia nzima, kwa sababu viwanda vinaelekeza chipu zao kwenye vituo vya data vya akili mnemba. DDR4 nayo imeguswa, lakini ya mtumba bado ipo mitaani, na pengine unayo nyumbani kwenye mashine ya zamani. Ndiyo maana kwa bajeti ndogo nasema ishike DDR4 yako kama mboni ya jicho.

Naweza kutumia RAM yangu ya DDR3?

Kwenye bodi za AM4 haiwezekani, na za LGA1700 vilevile. Kikato cha kwenye meno ya RAM kiko mahali tofauti kwa DDR3, DDR4 na DDR5, ili usiweze kukosea. Ukiona haiingii, usiisukume. Umeshika isiyo yake. RAM ya laptopu ni fupi, nayo haikai kwenye bodi ya kawaida ya mezani.

Nina kasha la Dell au HP la ofisini. Naweza kuweka bodi mpya humohumo?

Swali hili limeumiza watu wengi, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Mashine za ofisini zinatengenezwa kwa vipimo vyake zenyewe. Bodi ya kawaida inachukua umeme kwa plagi ya pini 24. OptiPlex 3020 na 9020 zina plagi kuu ya pini 8. HP EliteDesk 800 G1 ina pini 6. ThinkCentre nyingi za Lenovo zina pini 14 au 10. Maana yake, pawa saplai iliyo ndani ya mashine hiyo haitawasha bodi mpya, na bodi iliyo ndani haitawashwa na pawa saplai ya kawaida bila waya wa kugeuzia.

Plagi ikishapita, yanakuja mengine. Kitufe cha kuwashia kina plagi ya peke yake isiyoingia kwenye pini za bodi ya kawaida. Bati la nyuma, pale panapotokea matundu ya USB na ya skrini, kwenye makasha mengi limetobolewa moja kwa moja kwa umbo la bodi ileile ya kiwandani, huwezi kulitoa. Matundu ya skrubu nayo huenda yasilingane. Na kama ni kasha jembamba la kulala, kadi ya grafiki ya kawaida haitasimama humo.

Kuna watu wanakata bati na kuunga nyaya. Nimeona kazi zao, nyingine ni za ustadi kweli. Lakini ukijumlisha waya wa kugeuzia, muda na hatari ya kuunguza bodi mpya, bado kasha la kawaida na pawa saplai mpya ni salama zaidi. Ushauri wangu: mashine ya ofisini iuze ikiwa nzima inavyowaka. Mnunuzi wa mashine inayowaka yupo kila siku. Wa vipande vyake utamsubiri. Hela utakayopata ingize kwenye hesabu ya bodi, prosesa na kasha.

Nimeweka kila kitu, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Bodi mbovu?

Kabla ya kuilaumu bodi, soma jina la prosesa yako. Intel yenye herufi F mwishoni, kama i3-12100F, haina grafiki ndani. Ryzen za AM4 zisizo na G nazo hazina. 5600 haina, 5600G inayo. Tundu la HDMI la kwenye bodi linapata picha kutoka kwa prosesa, na prosesa isiyo na grafiki haina picha ya kulipatia tundu hilo. Wauzaji husifia F kwa kuwa ni nafuu, bila kukuambia kwamba lazima ununue kadi ya grafiki.

Kwa mtu asiye na kadi, 5600G au i3-12100 isiyo na F ndiyo chaguo. Ukiwa na kadi, chomeka waya wa skrini kwenye kadi, usichomeke kwenye bodi.

BIOS haiitambui prosesa maana yake nini?

BIOS ni programu iliyo ndani ya bodi inayoamka kwanza kabisa. Bodi ya B450 iliyotoka kiwandani 2018 haijui Ryzen 5 5600 ni nini, kwa sababu prosesa hiyo ilikuja 2022. Lazima BIOS isasishwe. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa bodi hiyo kwenye tovuti ya kampuni, nenda kwenye orodha ya prosesa, tafuta yako, na uone inataka toleo gani la BIOS.

Kusasisha kunahitaji mashine iwake, na mashine haiwaki mpaka BIOS isasishwe. Njia za kutoka hapo ni mbili. Unaazima prosesa ya zamani kwa fundi, kazi ya nusu saa. Au unanunua bodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa; kwenye bodi za bei nafuu ni nadra, lakini ukiipata ni baraka.

Kuna kinyume chake pia. Ryzen 3 3200G ina jina la mfululizo wa 3000, lakini ndani ni teknolojia ya nyuma kidogo, na AMD haikuiweka rasmi kwenye B550 wala A520. Ukiwa nayo, tafuta B450.

Na tafadhali, usisasishe BIOS bila UPS (betri inayoshika mashine umeme ukikatika). Umeme ukikatika katikati, bodi inaweza isiamke tena hadi chipu yake iandikwe upya na fundi mwenye kifaa.

Zile bodi za X99 kutoka China pamoja na Xeon, vipi?

Zinavutia: bodi, prosesa ya kori 14 kama Xeon E5-2680 v4 na RAM, vyote kwa bei ya bodi moja ya hapa. Prosesa hizo zilitoka kwenye seva zilizostaafu, na kweli zina nguvu kwa kazi zinazogawanyika, kama kutoa video au kuendesha kompyuta pepe kadhaa.

Lakini fahamu unachonunua. Bodi nyingi za aina hiyo zimejengwa kwa chipseti zilizong'olewa kwenye bodi nyingine, na masasisho ya BIOS ni ya kubahatisha. Xeon hizo hazina grafiki, hivyo kadi ni lazima. 2680 v4 imekadiriwa wati 120, utaziona kwenye luku. Windows 11 haizitambui rasmi. Na kori moja moja ni ya polepole, kwa hiyo kwa michezo na kazi za kawaida i3-12100 itakufurahisha zaidi. Ninamfungia mtu anayejua kwa nini anaitaka. Mzazi anayetafuta kompyuta ya mtoto wa sekondari, namwelekeza kwingine.

Nikinunua bodi ya mtumba, nikague nini pale dukani?

Hapa nenda taratibu, hata muuzaji akikuharakisha.

Anza na soketi. Kwa Intel pini ziko kwenye bodi. Omba kifuniko cha plastiki kitolewe, washa tochi ya simu, ilaze pembeni ili mwanga upite juu ya pini kwa mshazari. Pini nzima zinameta kwa mistari iliyonyooka kama shamba la mahindi lililopandwa kwa kamba. Iliyopinda inavunja mstari. Utaona doa jeusi au kimeto kilichoelekea upande mwingine. Geuza bodi robo duara, angalia tena, kwa kuwa pini iliyolala upande mmoja inaweza kujificha ukiitazama kutoka upande huo.

Nasema hivi kwa uchungu. Niliwahi kununua bodi ya B250 dukani, kifuniko kipo, nikaamini chini yake ni salama. Nyumbani ikawaka vizuri, lakini RAM ya sloti moja haikuonekana kabisa. Pini mbili zilikuwa zimelala. Nilizinyanyua kwa sindano chini ya kioo cha kukuzia, moja ikakatika. Tangu siku hiyo silipi kabla ya kuona soketi.

Kwa AM4 pini ziko chini ya prosesa, kwa hiyo ikague prosesa namna hiyohiyo.

Halafu angalia kapasita, zile kopo ndogo za duara zilizozunguka soketi. Vichwa viwe bapa. Kilichovimba au chenye uchafu wa kahawia ni ishara mbaya. Geuza bodi nyuma: doa la kuungua, solda isiyong'aa sawa na nyingine, au eneo lililosafishwa sana kuliko kwingine linaonyesha kuna mtu ameshatengeneza hapo. Mikwaruzo karibu na matundu ya skrubu inaweza kuwa imekata njia za umeme. Nusa pia. Harufu ya kuungua haitoki haraka.

Mwisho, iwashwe mbele yako. RAM ijaribiwe kwenye kila sloti, moja baada ya nyingine. Flashi ijaribiwe kila tundu la USB. Vaa headphone usikilize sauti. Chomeka waya wa mtandao uone taa. Ingia kwenye BIOS, acha mashine hapo dakika kumi, uone joto la prosesa linavyokwenda. Dai risiti yenye jina la bodi na siku za waranti zilizoandikwa. Waranti ya mdomo inaishia mlangoni.

Ukubwa wa bodi una maana?

Kwa kasha tu. ATX ni milimita 305 kwa 244, microATX ni 244 kwa 244 kwa ile kubwa yake, na mini-ITX ni 170 kwa 170. Bodi ndogo inakaa kwenye kasha kubwa, kubwa haikai kwenye dogo. Kwa bajeti ndogo microATX inatosha.

M.2 ni lazima?

Ni vizuri kuwa nayo moja. SSD ya SATA inaishia karibu MB 550 kwa sekunde, ya NVMe (aina inayopita njia ya PCIe) kwenye PCIe 3.0 inafika karibu 3,500. Katika kazi za kila siku tofauti hiyo haihisiki kama zile namba zinavyotisha. Kinachonifanya niipende ni kwamba haina nyaya. Angalia tu kwamba sloti ya bodi inapokea NVMe. Zipo za zamani zinazopokea M.2 ya SATA peke yake.

Jambo moja zaidi kuhusu PCIe: kadi ya RX 6500 XT inatumia njia nne tu. Kwenye bodi ya 4.0 inakwenda vizuri, kwenye 3.0 inapoteza nguvu waziwazi. Kama ndiyo kadi yako, chagua B550 au H610.

Umeme wetu huu, bodi itapona?

Bodi nyingi ninazozika hazikufa kwa uzee. Zilikufa umeme uliporudi baada ya kukatika. Umeme unaporudi huja na mruko, na pawa saplai dhaifu inaupitisha ndani. Kwa hiyo usibane hela yote kwenye bodi ukaacha pawa saplai ya bure iliyokuja na kasha. Lebo inaweza kusema wati 500 huku ndani ni nyepesi kama boksi tupu. Ishike mkononi, uzito wake unasema mengi. Nunua yenye alama ya 80 Plus kutoka kampuni inayojulikana. UPS ukiweza, usipoweza chomoa waya umeme unapokatika, usubiri utulie baada ya kurudi.

Kwenye bodi, tazama eneo linalogawa umeme kwa prosesa, pembeni ya soketi. Kama lina vipande vya alumini juu yake, litavumilia joto. Bodi tupu bila alumini usiipe prosesa kubwa, hasa kwa chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa Januari.

Kwa walio karibu na bahari, Zanzibar, Tanga, Mombasa, kuna adui mwingine: hewa ya chumvi. Inaacha ukungu wa kijani kwenye shaba na vumbi jeupe kwenye alumini. Mashine ikianza kuzima ovyo, toa RAM, safisha meno yake kwa kifutio safi cha penseli, pangusa kwa spiriti ya isopropili, iache ikauke, rudisha. Nusu ya bodi zinazoletwa kwangu kutoka pwani kwa kosa la kutowaka zimeamka kwa kifutio hicho.

Nikibadilisha bodi, Windows yangu inapotea?

Mafaili yako hayapotei, lakini leseni inaweza kupotea. Windows iliyokuja na mashine kutoka kiwandani imefungwa na bodi ile. Iliyonunuliwa peke yake inahamishika: iunganishe na akaunti yako ya Microsoft kabla ya kubomoa mashine, uiamshe tena ukishafunga.

Kwa Windows 11 utahitaji prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, au Ryzen mfululizo wa 2000 kwenda juu isipokuwa chache, pamoja na TPM 2.0 (sehemu ya usalama ya kompyuta). Kwenye bodi za AM4 na LGA1700 nilizopendekeza TPM ipo ndani, ila huenda imezimwa. Ingia BIOS, kwa Intel tafuta PTT, kwa AMD fTPM, uiwashe.

Nimemaliza kufunga, haiwaki kabisa. Nianzie wapi?

Angalia plagi ya pili ya umeme, ile ya pini 4 au 8 karibu na prosesa. Ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Kisha RAM: kwenye bodi ya sloti nne, kipande kimoja kiwe kwenye ya pili kuhesabu kutoka kwa prosesa, isukume mpaka usikie mlio wa kufunga. Kagua kama kuna nguzo ya shaba chini ya bodi isiyo na tundu la skrubu juu yake, inaweza kuwa imegusa njia za umeme. Toa betri ya CR2032 dakika tano, rudisha.

Bado? Toa bodi nje ya kasha, ilaze juu ya boksi lake la karatasi. Acha prosesa, feni yake, na RAM moja tu. Gusisha pini mbili za kitufe cha kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Ikiwaka hapo, tatizo liko kwenye kasha. Isipowaka, azima pawa saplai nyingine kabla ya kuihukumu bodi. Na kama ni ya DDR5, ipe muda: mara ya kwanza inajifunza RAM, skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa. Nimeshuhudia kijana akiizima mara sita mfululizo, kila mara ikikaribia kuwaka. Mara ya saba nilimwomba tukanywe chai kwanza, tuliporudi ilikuwa kwenye BIOS inatusubiri.